Takwimu na Hisia katika Soka na Mikeka: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Takwimu zimekuja kuchukua nafasi ya jicho la kocha.

Ukweli: Matthew Benham, aliyetajirika kwa kubashiri mpira kwa hesabu, aliiongoza Brentford ya London kusajili wachezaji kwa kufuata vipimo, na mwaka 2021 klabu hiyo ikarejea ligi ya juu ya Uingereza baada ya miaka 74. Kipimo kinachotajwa sana ni mabao tarajiwa, ambapo kila shuti hupewa thamani ya uwezekano wake wa kuwa bao, kulingana na umbali na pembe lilipopigwa. Penalti, kwa mfano, hukadiriwa kuwa takriban 0.76, yaani kama mabao 76 kwa kila penalti 100. Hesabu hiyo huonyesha kama mshambuliaji anafika kwenye nafasi nzuri au amebahatika kwa mashuti ya mbali, lakini haimwambii kocha kwamba kijana huyo amefiwa wiki hii au kwamba haelewani na beki anayempigia krosi. Mambo hayo huyajua anayeshinda naye mazoezini.

Dhana: Timu iliyofungwa mara tano mfululizo sasa ni zamu yake kushinda.

Ukweli: Mechi ijayo haina deni la mechi zilizopita. Ikiwa timu hiyo ilikuwa ikitengeneza nafasi nyingi na kuzikosa, ipo sababu ya kuitarajia mazuri, na sababu yenyewe ni zile nafasi.

Dhana: Mwenye takwimu nzuri ataishinda kampuni ya kubeti.

Ukweli: Hapa ndipo vijana wetu wengi wanapoumia, na linastahili kuelezwa taratibu. Kuijua timu bora hakutoshi, kwa kuwa kampuni nayo inaijua na imekwishaiweka katika odds, yaani namba ambayo dau lako huzidishwa nayo ukishinda. Chukua soko lenye pande mbili zenye nafasi sawa. Odds za haki zingekuwa 2.00 kila upande, lakini kampuni ikitoa 1.90, tofauti hiyo ndogo ndiyo faida yake, nayo huongezeka kwa kila mechi unayoiongeza kwenye mkeka, yaani tiketi moja ya kubeti yenye mechi kadhaa. Mkeka wa mechi tano za namna hiyo una nafasi moja tu kati ya 32 ya kutiki, yaani mechi zote tano kwenda ulivyobashiri. Kwa dau la shilingi 1,000 ungestahili kulipwa 32,000, ilhali odds zilizozidishwa hukupa kama 24,760. Karibu robo ya thamani imeondoka kabla mpira haujaanza, hata kama uchambuzi wako haukuwa na kasoro.

Benham na wenzake hutafuta mahali ambapo odds zimekosewa, kwa kutumia wataalamu na mitaji mikubwa, na pasipo kosa hawaweki fedha. Anayebeti kila Jumamosi kwa sababu ni Jumamosi anafanya kazi nyingine kabisa, hata akiwa na jedwali lililojaa takwimu mkononi, na ni hatari kubwa kuitegemea kazi hiyo kwa ada ya shule au kodi ya nyumba.