Kutenganisha sauti za kompyuta: spika na hedifoni, kila moja na yake

Kutenganisha sauti ni kuifanya kompyuta moja itoe sauti mbili tofauti kwa wakati mmoja, hii iende kwenye spika na ile iende kwenye hedifoni. Kaswida ikisikika ukumbini na masikioni mwako kwa pamoja, hiyo bado ni sauti moja iliyopelekwa sehemu mbili. Kutenganisha ni pale waalikwa wanaposikia kaswida, na aliyekaa nyuma ya laptopu akawa anausikiliza peke yake wimbo wa taarab utakaofuata.

Jambo hili linawahusu hasa wanaopiga muziki kwenye harusi za Unguja na Pemba, kwa sababu wengi wao hufanya kila kitu kwa laptopu moja. Bibi harusi yuko mlangoni, na faili la wimbo wake limeletwa sasa hivi kwenye flashi. Je, ndilo lenyewe? Linaanzia mwanzo au katikati? Asiyeweza kutenganisha sauti itambidi aukate muziki ili alisikilize, au abahatishe mbele ya watu wote. Kwangu mimi, huu ni ujuzi unaotakiwa kutangulia hata kujifunza kuunganisha nyimbo, maana siku ya harusi ya mtu hairudiwi.

Wengi hujaribu kwa njia iliyo karibu: wanachomeka hedifoni kwenye tundu la laptopu, na papo hapo spika zinanyamaza. Laptopu haijaharibika. Tundu lina kihisi kinachojua kuwa kuna plagi iliyoingia, na draiva ya sauti, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuendesha sauti, inazizima spika za ndani. Kwenye laptopu nyingi, spika za ndani na tundu la hedifoni huhesabiwa kuwa kifaa kimoja cha sauti. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote: kompyuta haihesabu matundu, inahesabu vifaa vya sauti.

Kifaa cha sauti ni kitu gani? Ndani ya kompyuta wimbo ni namba tupu. Wimbo wa CD una namba 44,100 kwa kila sekunde, upande wa kushoto peke yake, na nyingine kama hizo upande wa kulia. Kadi ya sauti ndiyo inayozigeuza namba hizo kuwa umeme unaotikisa spika. Programu zote zinazoelekezwa kwenye kifaa kimoja huchanganywa kwanza, kisha hutoka pamoja. Ni kama pampu moja inayojaza matangi mawili: huwezi kutaka tangi hili lipate maji ya kisima na lile maji ya mvua. Ukitaka maji mawili, tafuta pampu ya pili.

Pampu hiyo ya pili ni rahisi kupatikana. Kadi ndogo ya sauti ya USB, ile inayofanana na flashi na yenye tundu la hedifoni, ina kigeuzi chake yenyewe, kwa hiyo kompyuta huiona kuwa kifaa kingine kabisa. Ndivyo ilivyo pia kwa runinga iliyounganishwa kwa waya wa HDMI, spika ya Bluetooth, na mixa zenye tundu la USB la kupitisha sauti. Baadhi ya kompyuta za mezani zenye kadi ya sauti ya kampuni ya Realtek huruhusu matundu ya mbele na ya nyuma kuhesabiwa kuwa vifaa viwili, lakini hiyo hutegemea draiva.

Vifaa vikishakuwa viwili, kinachobaki ni kuiambia kila programu ipite wapi. Windows ilianza kuwa na uwezo huu katika toleo la Aprili 2018 la Windows 10. Kwenye Windows 11 unaingia Mipangilio, kisha Mfumo, kisha Sauti, halafu unafungua sehemu iliyoandikwa Volume mixer. Utaona kila programu inayotoa sauti na mahali pa kuichagulia kifaa. Programu isiyotoa sauti wakati huo inaweza isionekane, basi iwashe kwanza, ipige chochote, ndipo urudi kuitafuta. Kumbuka pia kuwa kivinjari huhesabiwa kuwa programu moja hata ukifungua kurasa kumi ndani yake. Video mbili za YouTube katika Chrome zitafuata njia moja, ila ukiifungua moja Chrome na nyingine Firefox, utaweza kuzitenganisha.

Ushauri ambao ningependa kila mpiga muziki auzingatie ni huu: kifaa cha kawaida cha kompyuta, yaani kile kinachopokea sauti yoyote isiyopangiwa njia, kiwe hedifoni. Spika kubwa zipangiwe programu ya muziki peke yake. Watu wengi hufanya kinyume, na matokeo yake mlio wa ujumbe wa WhatsApp unatoka kwenye spika za ukumbi shehe akiwa katikati ya dua.

Kwa dijei kuna njia fupi zaidi. Programu kama Mixxx, ambayo ni ya bure, ina sehemu yake ya kuchagua kifaa cha hadhira na kifaa cha hedifoni, na kila wimbo una kitufe cha kuusikiliza pembeni. VLC nayo ina orodha ya vifaa kwenye menyu yake ya sauti.

Aliye na kifaa kimoja tu hutumia hila ya pande mbili: waya wa kugawa ambao unapeleka upande wa kushoto kwenye amplifaya na wa kulia kwenye hedifoni. Hufanya kazi, lakini kila upande unakuwa mono, yaani sauti ya njia moja isiyo na kushoto wala kulia. Programu ikichanganya pande zote mbili kabla ya kuzigawa, hakipotei kitu isipokuwa ule upana wa stereo. Ikikata tu upande mmoja, kanuni au fidla iliyorekodiwa upande wa pili haitasikika ukumbini. Rekodi alizofanya Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928 hazidhuriki kwa hila hii, kwani wakati ule kila kitu kilirekodiwa mono. Za taarab ya siku hizi hudhurika.

Kwenye Mac, kifaa cha matokeo mengi kinachotengenezwa ndani ya mfumo hutoa sauti ile ile kila mahali, kwa hiyo kupanga programu moja moja huhitaji programu ya ziada kama SoundSource. Kwenye Linux, programu ya pavucontrol inalifanya jambo hili bila ya taabu.

Hedifoni za Bluetooth hufaa kwa kuhakiki wimbo, lakini si kwa kulinganisha midundo, kwa sababu sauti yake huchelewa kwa kiasi ambacho sikio linakigundua. Kwa kazi ya midundo tumia waya. Na kadi ya USB ichomeke kila siku kwenye tundu lile lile, kwani Windows inaweza kuiona kuwa kifaa kipya ukiihamisha, na mpangilio ulioufanya nyumbani usiukute ukumbini.