Neno "flapper" halikutokana na viatu vya mpira
Husimuliwa kwamba wasichana wa Marekani wa enzi ya jazi (miaka ya 1920), wapenzi wa dansi na mitindo mipya, waliitwa "flapper" (kutoka Kiingereza "flap", kupigapiga au kupepea) kwa sababu walivaa viatu vya mpira vya kukinga theluji bila kufunga bizimu, vikawa vinapigapiga wakitembea. Mtindo huo ulikuwepo kweli, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ila neno ni kongwe kuliko viatu. Uingereza lilikuwa likitumika kwa binti anayebalehe tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza: bado hajafikia umri wa kubana nywele juu kichwani kama mwanamke mzima, kwa hiyo msuko wake hupepea mgongoni. Kinda la bata mwitu linalojifunza kuruka nalo liliitwa hivyo tangu karne ya 18, na huenda ndiko mzaha ulikoanzia.

Wala halikuwa la kumbi za dansi pekee. Mwaka 1928, Uingereza iliposhusha umri wa wanawake kupiga kura kutoka miaka 30 hadi 21, wapinzani waliita hatua hiyo kwa kejeli kura ya "flapper", ingawa walionufaika ni pamoja na wanawake waliovuka miaka 30, waliokuwa wamezuiwa na masharti ya mali.