Karani ndiye mwanzo wa ugomvi

Tukitazama besiboli, mzee aliyekaa kushoto kwangu aliandika E6, yaani kosa la mlinzi. Mimi niliandika pigo safi. Uamuzi rasmi ulipotangazwa ulikuwa upande wangu, na kwa kuwa hiyo ndiyo kazi inayonilisha, nikajiona mshindi. Mzee akautazama ubao, akanitazama mimi, akageuza penseli na kukuna sikio. Hakufuta kitu.

Naandika alama kwenye mechi za besiboli za vyuo hapa Chicago. Nyumbani Tanga wakiniuliza nafanya kazi gani huwaambia ni karani wa mechi, na sijadanganya. Kila nafasi uwanjani ina namba: mrushaji ni 1, mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji ni 2, hivyo hivyo mpaka 9 kule mbali kulia. Anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu (besi ni vituo anavyokimbilia mpigaji) ni 6. Mpira ukimponyoka, lazima mtu aamue: ulikuwa mkali mno, au jamaa kazembea? Ukisema ulikuwa mkali, mpigaji anaandikiwa pigo, na litabaki kwenye hesabu yake hata akishazikwa. Ukisema ni uzembe, unaandika E, kosa, na mpigaji haandikiwi pigo ingawa kafika besi salama. Ligi kuu humpa karani rasmi saa 24 za kubadili mawazo. Mpira ni uleule, vumbi ni lilelile. Kilichotofautiana ni kalamu.

Nilikuwa Wrigley Field siku yangu ya mapumziko, kwenye viti vya nyuma kabisa ya uwanja, ambavyo kwa Dar tungeviita mzunguko. Uwanja huu ni wa 1914. Ukuta wake wa matofali umefunikwa na mmea unaotambaa, uliopandwa 1937, na mpira ukipotelea kwenye majani mchezaji anayelinda huko huinua mikono juu, mpigaji akapewa besi mbili. Namba za ule ubao mkubwa wa kijani bado hubadilishwa kwa mkono. Mchuuzi akipita na soseji za mkate, yako hupitishwa mkono kwa mkono kutoka mwisho wa safu, kama nauli ya daladala inavyomfikia konda. Haradali ruksa; ukiomba tomato sosi utaangaliwa kama umevaa jezi ya Simba jukwaa la Yanga. Mpigaji wa timu ngeni akiupeleka mpira nje ya ukuta na ukakudondokea mapajani, mzunguko mzima utakupigia kelele mpaka uurudishe uwanjani. Nimeona mtoto akilia huku baba yake anaurusha.

Katikati ya hayo yote, kati ya mrusho mmoja na mwingine, watu wanabishana. Na hawabishani juu ya mechi iliyo mbele yao.

Sisi pia tunabishana. Fainali ya 1974 pale Nyamagana, Mwanza, Yanga 2 Simba 1, bado inachezwa kwenye vijiwe vya kahawa. Ila ubishi wetu unaegemea vinywa, na mwenye sauti kubwa hushinda. Wao wana karatasi. Tangu karne ya 19, Henry Chadwick, mwandishi mzaliwa wa Uingereza aliyeanza na kriketi, alipoujengea mchezo huu jedwali la matokeo, karibu kila mpigaji ana mstari wake. Ungedhani karatasi ingemaliza maneno. Wapi! Karatasi ndiyo inayoyalisha.

Chukua mwaka 1910. Kampuni ya magari ya Chalmers iliahidi gari kwa mpigaji mwenye wastani wa juu kabisa, yaani mapigo yake yakigawanywa kwa nafasi alizopata kupiga. Ty Cobb wa Detroit, mtu aliyechukiwa na wengi, alikuwa mbele ya Napoleon Lajoie wa Cleveland. Siku ya mwisho, kule St. Louis, wenyeji walimwamuru mlinzi wao wa besi ya tatu, kijana mgeni kwenye ligi, asimame mbali nyuma. Lajoie akawa anagusisha tu mpira taratibu upande huo na kukimbia. Alimaliza mechi mbili za siku ile na mapigo 8. Tena karani aliahidiwa suti mpya endapo angemwongezea moja. Suti! Mimi zawadi kubwa niliyowahi kupewa ni maji ya chupa. Karani alikataa, Cobb akatangazwa mshindi kwa nywele moja, na Chalmers wakaamua kutoa magari mawili ili kukwepa balaa.

Miaka mingi baadaye wapekuzi wa madaftari waligundua kwamba mechi moja ya Detroit mwaka huo iliandikwa mara mbili, ikampa Cobb mapigo mawili ya bure. Habari ikachapishwa 1981. Wakuu wa ligi wakagoma kubadilisha. Kwa hiyo mpaka leo, kwa hesabu ya maisha yake yote uwanjani, kuna Cobb wa mapigo 4,191, ambaye ni wa ligi, na Cobb wa 4,189, ambaye ni wa wapekuzi.

Mapigo mawili yana uzito gani? Pete Rose, mchezaji yule aliyefungiwa maisha 1989 kwa kubeti, alishangiliwa na taifa zima kwa kuvunja rekodi ya Cobb kwa pigo la 4,192, nyumbani kwake Cincinnati, tarehe 11 Septemba 1985. Sasa rudi siku tatu nyuma. Tarehe 8 alikuwa hapahapa Wrigley Field. Alipiga la 4,190 na la 4,191. Mvua ikanyesha, jioni ikaingia, na kwa kuwa uwanja haukuwa na taa mpaka 1988, mechi ikaachwa 5-5 kwa giza. Ukiwafuata wapekuzi, na mimi nawafuata, rekodi ilianguka Chicago, kwenye zamu ya kwanza, bila mtu kujua.

Mzee alinyamaza kidogo nilipomweleza hayo. Kisha akasema, "Kijana, mimi nilikuwepo." Akarudi kwenye karatasi yake.

Ubishi mkali wa sasa ni wa Josh Gibson, mpigaji mweusi wa zamani. Wachezaji weusi walizuiwa kuingia ligi kuu mpaka Jackie Robinson alipovunja mwiko tarehe 15 Aprili 1947, miezi mitatu baada ya Gibson kufa. Walikuwa na ligi zao, na kuanzia 1933 mechi yao kubwa ya nyota ilijaza uwanja wa Comiskey Park, kusini mwa jiji hili. Mwaka 2024 hesabu za ligi hizo zikaingizwa rasmi kwenye kitabu kimoja na zile nyingine, na Gibson, kwa wastani wa 0.372, akampita Cobb. Mzee alikuwa na lake: misimu yao ilikuwa mifupi, mechi 60 hadi 80. Nikamuuliza Cobb alikabiliana na warushaji weusi wangapi kwenye ligi yake. Akasema hilo halihusu hesabu. Linahusu, tena sana.

Ila kuna jambo linaloniuma mimi karani kuliko yeye. Bamba la Gibson kule Cooperstown, kwenye jumba la kuwaenzi magwiji wa besiboli, linamtaja kuwa na karibu mipira 800 aliyoipiga ikatoka nje ya ukuta. Kitabu rasmi kinampa chini ya 200. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni mechi za kuzunguka miji midogo, zisizohesabiwa kuwa za ligi, na nyingi hazina karatasi. Magazeti ya weusi yaliandika walichoweza.

Zamu ya saba watu wakasimama kuimba, mzee akaniachia karatasi yake nimshikie. Ilikuwa safi kuliko yangu. Kwenye mstari wa mpigaji wetu, ile E6 alikuwa ameipitishia penseli mara ya pili, nyeusi zaidi.