Kamera za kwanza za dijitali hazikuchomekwa kwa USB
Wengi hudhani kamera ya dijitali tangu mwanzo ilichomekwa kwa USB, na kompyuta ikaiona kama diski. Sivyo kabisa. Kamera ya Apple QuickTake 100 ilitoka mwaka 1994. Toleo la kwanza la USB lilikuja 1996. Picha zilipitia waya wa siriali (unaopitisha data biti moja baada ya nyingine), kwenye tundu lile lile la modemu (kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu), na bila programu maalumu ya kamera kompyuta haikuona kitu. Hata kwa biti 115,200 kwa sekunde, yaani kama kilobaiti 11 tu, megabaiti 8 za picha zilichukua dakika 12 hivi, huku betri zikiisha! Kamera za Sony Mavica za 1997 zilikwepa waya wenyewe: picha ziliandikwa kwenye diski ya flopi, ukaichomoa na kuiingiza kwenye kompyuta.