Kibanda cha mlimani na saa ya kutoka

Kila ninapoongoza watu kwenda kulala kwenye kibanda cha mlimani majira ya joto, ubishi huwa ni juu ya saa ya kutoka. Mchana ni mrefu, jua linachelewa kuzama, ya nini kuamka gizani? Jibu langu ni lilelile: saa kumi na moja alfajiri kila mtu awe ameshafunga kamba za buti.

Kwanza ni maji. Theluji iliyobaki juu huyeyuka kwa jua la mchana, na maji yake huchukua saa kadhaa kuteremka. Ndiyo maana kijito hujaa alasiri hadi jioni, hupungua usiku kucha, na alfajiri ndipo kinapokuwa kidogo kabisa. Niliwahi kufika kwenye kivuko saa kumi jioni na kundi lililochelewa kutoka. Maji yalikuwa ya kijivu kama yamekorogwa majivu, na tuliponyamaza tukasikia mawe yakigongana chini yake, mtetemo ukitufikia nyayoni. Paa la kibanda tuliliona ng'ambo. Nikakataa kuvusha mtu. Tulilala upande wetu, tumejibanza chini ya turubai, wengine wameninunia. Saa kumi na mbili asubuhi tulivuka palepale. Maji hayakufika magotini, na katikati kulikuwa na mawe makavu ambayo jana yake hatukujua kama yapo.

Ukilazimika kuvuka, tafuta pale kijito kilipotanuka, kwa sababu palipo pembamba mara nyingi ndipo penye kina na kasi. Fungua mikanda ya begi ya kiunoni na kifuani ili ukianguka ulivue upesi. Usivue buti. Elekeza uso maji yanakotoka, fimbo mbele, na usinyanyue mguu kabla mwingine haujakaa imara.

Kisha kuna radi. Miteremko ikipata joto, hewa yenye unyevu hupanda na kugeuka mawingu, na alasiri hayo mawingu hupasuka. Mimi huangalia urefu wake kuliko weusi. Wingu jeupe, zuri, ambalo kabla ya adhuhuri limeshakua kwenda juu kuliko lilivyotanuka, hilo silipuuzi. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, shuka uondoke kwenye ukingo wa mlima, kaa mbali na mti uliosimama peke yake, na usiendelee na safari hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Hesabu ya mwendo ninayotumia ni ya William Naismith, mpanda milima wa Scotland, ya mwaka 1892: takriban saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye mwinuko wa mita 1,200 inakuwa saa nne na nusu hivi. Lakini hesabu hiyo haina mapumziko wala begi zito, kwa hiyo mimi huongeza nusu yake, zinakuwa kama saa sita na nusu. Ukitoka saa kumi na moja alfajiri, saa tano na nusu asubuhi uko mlangoni, na mawingu ndiyo kwanza yanaanza kurundikana.

Nguo za kulalia zifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Joto hupungua nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, na jasho la njiani hugeuka baridi mara tu unapokaa. Maji ya kunywa, ukiwa juu ya mita 2,000, yachemke dakika 3 kamili, kwa kuwa huko huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Vibanda vingine hufungwa, basi uliza habari za ufunguo kabla ya siku ya safari.

Ukikuta daftari la wageni, andika jina, saa uliyofika, na njia utakayoshika kesho. Usipoonekana, waokoaji wakifika kibandani watalifungua hilo daftari kabla ya kuchagua bonde la kuanzia.