Uratibu wa huduma kwa waathirika wa uhalifu ni kitu gani hasa?

Watu wengi wakisikia uratibu wanawaza semina, posho na fulana zenye nembo, na siwalaumu maana mara nyingi hicho ndo kinachoonekana kwa nje. Ila kwa mtu aliyefanyiwa uhalifu, iwe kubakwa, kupigwa, kuvamiwa na majambazi au mtoto kunyanyaswa, uratibu ni kazi ya kuhakikisha wote wanaotakiwa kumsaidia wanajuana, kila mmoja anajua zamu yake inaanzia wapi na inaishia wapi, na yeye mwenyewe hageuzwi kuwa tarishi wa kesi yake.

Chukulia dada amebakwa Mbagala, Dar es Salaam, saa tano usiku. Anahitaji dokta, anahitaji polisi, dawa, nguo za kubadilisha, nauli, mtu wa kuongea nae, pa kulala maana pengine aliyemfanyia anaishi nyumba hiyo hiyo, baadae mwanasheria, na huko mbele mtu wa kumsindikiza mahakamani. Ukiangalia kwenye karatasi hizo huduma nyingi tunazo. Polisi wana dawati la jinsia na watoto, halmashauri ina afisa ustawi wa jamii, hospitali zipo, wasaidizi wa kisheria wanatambulika kabisa tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kuna hadi kamati za MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zinazotakiwa kuwepo mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Sasa kila mmoja yuko ofisini kwake, na dada wa watu anazunguka kati yao peke yake na fomu mkononi, kila mlango anaambiwa "haya tuelezee ilikuaje", akifika mlango wa nne kachoka anarudi nyumbani na kesi inafia hapo.

Na muda haumsubiri. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zile watu wanaziita PEP, zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72, ukiwahi zaidi ndo bora, alafu unameza siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba mwisho siku 5. Ushahidi wa mwilini nao unapotea kwa kuoga tu, au kwa kukaa muda mrefu. Kwahiyo mratibu anayejua kazi yake anahesabu masaa, hospitali inatangulia. PF3, ile fomu ya polisi unayoenda nayo hospitali, ni bure na kwenye kesi ina uzito wake, lakini mtu mwenye hali mbaya anatakiwa aanze kutibiwa na fomu ifuatiliwe huku matibabu yanaendelea, hili bado kuna watu wanalibishia mapokezi kila siku.

Wazo la vituo vya Mkono kwa Mkono limetokea hapo, kwamba dokta, polisi na ustawi wakae sehemu moja, mtu aelezee mara moja. Dar kipo hospitali ya Amana, Zanzibar kipo hospitali ya Mnazi Mmoja, Rwanda wao walianza na Isange mwaka 2009 kwenye hospitali ya polisi Kacyiru, Kigali. Nairobi kulikuwa na kituo cha namna hiyo tangu 2001 kwenye Nairobi Women's Hospital. Ni vitu vizuri sana, ila watu wengi wanaishi mbali na hospitali ya mkoa, na aliyeko kijijini anaanza na jirani, mhudumu wa afya, balozi wa nyumba kumi au mama mmoja anayejulikana kwamba "anasaidiaga". Hapo ndo wanaojitolea wanaingia, na kwa kweli hapo ndo uratibu unapata kazi.

Maana mtu mwema asiye na maelekezo anaweza kukuharibia kesi vibaya mno. Anamuonea huruma mtoto anamuogesha, anafua zile nguo au anazikunja kwenye mfuko wa nailoni, wakati zinatakiwa ziende kwenye mfuko wa karatasi bila kufuliwa kwasababu unyevu unaharibu sampuli. Mwingine anamhoji mtoto, kesho anakuja mwingine anamhoji tena, keshokutwa mwalimu nae, mtoto anaelezea tofauti kidogo kila mara kama mtoto yeyote, na wakili wa upande wa pili anasubiri kitu hicho hicho. Mwingine anarusha picha kwenye group la WhatsApp la mtaa eti tumtafutie msaada. Na wapo wazee wa busara wanaowahi na habari ya kuyamaliza kifamilia, hawa mimi nawaogopa kuliko wote.

Kwahiyo mratibu anaweka mipaka. Anayejitolea anasikiliza bila kuhoji, anaelezea huduma zilizopo, anauliza mwenyewe anataka nini (kama ni mtu mzima, uamuzi ni wake, hata akisema polisi bado), anampeleka na kumkabidhi kwa mtu anayejulikana kwa jina, alafu anafunga mdomo. Mratibu nae anabaki na daftari lenye namba za simu zinazopokelewa kweli usiku, fomu za rufaa, hela kidogo ya bodaboda, na kazi ya kupiga simu kuuliza yule uliyempokea jana mmefikia wapi. Ni kazi ya kuchosha na haina picha ya kuposti.

Mfano naoupenda mimi uko mkoani Mara. Kule ukeketaji msimu wake mkubwa ni Desemba shule zikifungwa, na kumkeketa binti chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Shirika la Hope for Girls and Women wana nyumba salama Mugumu na Butiama za mabinti wanaokimbia kukatwa. Ila binti akipiga simu usiku kutoka kijiji ambacho hata kwenye ramani hakipo, gari la polisi linaenda wapi? Basi kuna mradi unaitwa Crowd2Map, tangu 2015, watu wa kujitolea duniani kote wanakaa na kompyuta zao wanachora nyumba na barabara kutoka picha za satelaiti kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, na wenyeji wenye simu wanaongezea majina ya vijiji, zahanati, makanisa, maduka. Mtu ambaye hajawahi kufika Tanzania anachora njia, kijana wa pale kijijini anaitaja kwa jina, dawati la polisi na watu wa nyumba salama wanaipita njia hiyo hiyo kumfuata binti. Hawa wote hawajawahi kukaa kikao kimoja lakini kazi inaungana kwasababu kuna mtu katikati anayeiunganisha.

Alafu kuna kumrudisha binti nyumbani. Msimu ukiisha wazazi wanaitwa, watu wa nyumba salama wanaongea nao pamoja na ustawi na polisi, wakikubali wanaweka ahadi ya maandishi na mtu wa kijijini anaendelea kupita kuangalia hali, wakigoma binti anabaki nyumba salama na shule inaendelea. Miradi mingi ninayoiona inaishia kwenye kuokoa maana ndo kunakopendeza kwenye ripoti.

Na sio ukatili wa kijinsia tu. Kule Uingereza, Victim Support ilianzia Bristol mwaka 1974 na ilikuwa ya waathirika wa uhalifu kwa ujumla, hata aliyevunjiwa nyumba na wezi. Kwetu aliyevunjiwa anaambiwa pole, anapewa RB, namba ya taarifa yake polisi, na basi, hakuna anayepita kumuuliza kama analala vizuri.

Ukitaka kujua kata yako ina uratibu au ina orodha ya ofisi tu, usiulize kamati ina wajumbe wangapi. Uliza mtoto akipatikana kabakwa saa sita usiku Jumamosi nampigia nani kwa jina, na huyo nae anampigia nani. Namba ya simu 116 ipo kwa ajili ya watoto, piga bure, ila hata wao wakipokea lazima wapate mtu wa kumtuma huko ulipo.