"Wafukuzeni Wafaransa, waleteni Warusi": swali lililonikausha sauti

Kila semina ninayoendesha, kabla sijamaliza kujitambulisha, kuna mkono utanyanyuka: "Mwalimu, shida ya usalama Afrika ni Wafaransa. Kule Sahel, ukanda wa kusini mwa Sahara, wametimuliwa, wameingia Warusi, si mambo yametulia?" Nimelijibu mara nyingi mno. Leo naliandika, wa kusoma asome.

Dhana: ukibadilisha mshirika, vita navyo vinabadilika

Chukua Mali. Wafaransa waliingia Januari 2013 kwa operesheni Serval, wakayaondoa makundi yenye silaha Gao na Timbuktu ndani ya wiki chache. Mwaka uliofuata ikaja Barkhane, ikadumu hadi 2022. Hawakushinda, na sina haja ya kuwatetea. Miji ilikombolewa, ila vijijini dola haikurudi: hakimu hayupo, mwalimu kakimbia, ugomvi wa mfugaji na mkulima unaamuliwa na mwenye bunduki. Makundi yakaota mizizi hukohuko, yakashuka katikati ya nchi na kuvuka hadi Burkina Faso.

Wagner, mamluki wa Kirusi, walifika mwishoni mwa 2021. Machi 2022, katika kijiji cha Moura, waliuawa watu wasiopungua 500 mikononi mwa jeshi la Mali na wanajeshi wa kigeni, kwa mujibu wa ripoti ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Julai 2024 msafara wa jeshi na Wagner ulipigwa vibaya Tinzaouaten, jirani na mpaka wa Algeria. Septemba mwaka huohuo JNIM, kundi la kijihadi lililo tawi la al-Qaeda, wakaingia mji mkuu Bamako kwenyewe, wakashambulia chuo cha jandarmeria (polisi wa kijeshi) na uwanja wa ndege. Juni 2025 Wagner wakatangaza kwamba kazi yao imekwisha, wakawaachia nafasi Africa Corps walio chini ya wizara ya ulinzi ya Urusi. Haikupita miezi minne, JNIM wakawa wanachoma malori ya mafuta yanayoelekea mji mkuu. Huo ndio utulivu tunaoambiwa?

Wagner haohao walikwenda jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, mwaka 2019 kupigana na waasi, wakapata hasara na kuondoka baada ya miezi michache. Wanyarwanda waliofika Julai 2021 walifanya kazi nzuri zaidi: mwezi uliofuata, wakiwa na jeshi la Msumbiji, waliurudisha mji wa Mocímboa da Praia. Kwa hiyo sisemi kwamba washirika wote ni sawa. Nasema hata aliye hodari anakupa muda tu, na mashambulizi ya Cabo Delgado hayajakoma mpaka leo.

Mnaopenda takwimu, UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walitoa utafiti mwaka 2023 baada ya kuhoji zaidi ya watu 2,000 katika nchi 8. Karibu nusu ya waliojiunga kwa hiari na makundi yenye silaha walitaja tukio moja lililowasukuma, na kati ya hao asilimia 71 walisema lilikuwa ukiukaji wa haki za binadamu, mara nyingi uliofanywa na vyombo vya dola. Kumbuka Maiduguri, Nigeria, Julai 2009: Mohammed Yusuf, mwanzilishi wa Boko Haram, aliuawa akiwa mikononi mwa polisi, na Boko Haram waliorudi baada ya hapo walikuwa wakali kuliko wa awali.

Ndiyo maana siulizi mshirika ni nani. Nauliza mkataba unasemaje. Nani analipa, na analipa kwa fedha au kwa mgodi? Askari wao akiua raia, atashtakiwa wapi? Wataondoka lini? Serikali isiyoweza kujibu maswali haya mbele ya bunge (pale ambapo bunge halijavunjwa) imekodi walinzi, haina sera ya mambo ya nje.

Dhana: hivi ni vita vya dini

Katika utafiti huohuo, waliotaja dini kuwa sababu kuu ya kujiunga ni asilimia 17, ajira 25. Na lori la mabomu lililolipuka Mogadishu, Somalia, Oktoba 2017 liliua zaidi ya watu 500 katika mji ambao karibu wakazi wake wote ni Waislamu. Tuendelee.

Dhana: Umoja wa Afrika hauruhusiwi kuingilia mambo ya ndani

Hiyo ilikuwa OAU, umoja uliotangulia Umoja wa Afrika. Sheria ya kuanzisha Umoja wa Afrika, ibara ya 4(h), inaruhusu kuingilia kati kukiwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kinachokosekana ni utashi na fedha. Desemba 2023 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2719, linaloruhusu michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa kugharamia hadi asilimia 75 ya bajeti ya operesheni za amani zinazoongozwa na Umoja wa Afrika. Hata hivyo AUSSOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, ilianza kazi Somalia Januari 2025 bila fedha hizo.

Dhana: jirani ndiye mlinzi bora, maana anatuelewa

Anakuelewa, na ana maslahi yake pia. Kikosi cha Afrika Mashariki kiliingia mashariki mwa Kongo Novemba 2022, na baada ya mwaka mmoja Kinshasa ikakataa kukiongezea muda. Wakaja SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Januari 2025 mji wa Goma ukaanguka mikononi mwa waasi wa M23, na kufikia Machi SADC nao walikuwa wameamua kuondoka.

Juzi mshiriki mmoja alinifuata mlangoni, semina imekwisha, akaninong'oneza: "Mwalimu, na tukiwaleta Waturuki je?" Nikamwambia akaulete mkataba, tuusome pamoja.